Mtakwimu Mkuu, mji wetu umevuka mfereji

Kwa Mtakwimu Mkuu wa Serikali,
Ofisi ya Taifa ya Takwimu,
Dodoma.

Mheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUPATIWA IDADI YA WATU WA MJI WA ARUSHA KAMA UNAVYOKALIWA

Shikamoo. Naitoa salamu hii kwa moyo wote, maana cheo ulichonacho ni cha mzee wa nyumba: wewe ndiye unayejua tuko wangapi, nani kazaliwa, nani katutoka, na nani analala chini ya paa la namna gani. Nyumba isiyo na mtu wa kujua hayo hupika chakula kikapungua, au kikabaki na kuharibika.

Naomba radhi kwa kuthubutu kukuandikia hadharani badala ya kupitia ngazi zilizowekwa. Jambo ninaloliomba haliwezi kuwa langu peke yangu, kwa hiyo nimeona ni adabu wenzangu walisome wakati mmoja nawe. Naomba radhi pia kwa urefu wa barua hii, kwa kuwa najua muda wako ni mali ya watu wengi.

Kabla sijaomba, niruhusu nishukuru. Sensa ya Watu na Makazi ya usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 23 Agosti 2022, ilikuwa kazi kubwa iliyofanywa kwa nidhamu. Kwa mara ya kwanza makarani walikuja na vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Kwa mara ya kwanza pia majengo yenyewe yalihesabiwa, yakafika 14,348,372 nchi nzima. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo huo, zaidi kidogo ya miezi miwili baadaye, Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan alisimama katika Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, akatutangazia kwamba sisi ni watu 61,741,120. Mimi nilisikiliza redioni nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua kwamba mmoja kati ya hao ni mama yangu, na namna alivyohesabiwa nimeiona kwa macho yangu.

Naomba nikusimulie, kwa kuwa ombi langu lilizaliwa siku ile.

Sisi tunaishi miguuni mwa Mlima Meru, pale Jiji la Arusha linapokwisha na vijiji vya mlimani vinapoanza. Marehemu baba alituachia kihamba kimoja, migomba juu, kahawa kidogo katikati, na chini sehemu ambayo mimi nilijenga nilipooa. Katikati ya kihamba unapita mfereji wa zamani, uliochimbwa na wazee kuleta maji ya mlimani kwenye migomba. Upana wake mtoto wa miaka minane anauruka. Mfereji huo ndio mpaka. Mama yangu na kaka yangu, walio juu yake, ni watu wa kijiji na wana mwenyekiti wa kitongoji. Mimi niliye chini yake ni mtu wa Jiji, nina mwenyekiti wa mtaa. Jumapili tunakula chungu kimoja.

Karani wa upande wa juu alikuwa binti mdogo aliyevaa kizibao cha sensa, na kitambulisho kilichoning'inia shingoni. Aliamkia, akapewa kigoda chini ya mparachichi, akakiweka kishikwambi juu ya mapaja na kuanza. Nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo? Paa la nini, sakafu ya nini, mnapikia nini, maji mnachota wapi, choo ni cha namna gani? Mama alijibu vizuri mpaka alipoulizwa amezaa watoto wangapi. Hapo akanyamaza.

Mheshimiwa, wewe unajua kuliko mimi kwamba wazee wetu wengi hawapendi kuhesabu watoto wala ng'ombe. Kwao, kutaja idadi ya kilicho hai ni kama kukionyesha kidole. Binti yule hakumharakisha. Alingoja. Mwishowe mama akaanza kuwataja watoto wake kwa majina, mmoja mmoja, kuanzia kaka yetu mkubwa hadi yule aliyechukuliwa na surua kabla mimi sijazaliwa. Kila jina lilipotoka, binti alikunja kidole kimoja. Mwisho akauliza kwa sauti ya chini, "Ni saba, bibi?" Mama akasema, "Wewe ndiye uliyesema."

Kisha mama akauliza swali lake. "Mjukuu wangu, umeniandika mtu wa mjini au wa mlimani?"

Binti akafikiri kidogo. "Bibi, nimekuandika pale ulipolala."

Lilikuwa jibu sahihi, na kwa heshima zote natambua kwamba ndilo jibu la kitaalamu. Sensa yetu humhesabu mtu mahali alipolala usiku ule. Msafiri huhesabiwa katika nyumba ya wageni, mgonjwa wodini, na mlinzi au muuguzi aliyekesha kazini huhesabiwa katika kaya yake. Bila kanuni hiyo mtu mmoja angehesabiwa mara mbili na mwingine asihesabiwe kabisa. Siipingi hata kidogo. Ila mama hakuuliza alilala wapi. Aliuliza yeye ni mtu wa wapi, na swali hilo limenikaa moyoni tangu siku ile.

Niliketi na takwimu zenu za mkoa wetu nikazisoma kwa utulivu, na nakupongeza kwa kuziweka wazi kwa wananchi wote. Mkoa wa Arusha ulikuwa na watu 1,694,310 mwaka 2012. Mwaka 2022 ukawa na watu 2,356,255. Jiji la Arusha lilitoka watu 416,442 hadi 617,631, ongezeko la asilimia 48 kwa miaka kumi. Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, inayolizunguka Jiji kama ngozi inavyozunguka ngoma, ilitoka 323,198 hadi 449,518, ongezeko la asilimia 39. Halmashauri ya Wilaya ya Meru, iliyo mashariki yetu, ilitoka 268,144 hadi 331,603, karibu asilimia 24.

Namba hizi zina masimulizi ndani yake kwa anayeishi hapa. Kwenye miteremko ya Meru ardhi imejaa. Kihamba kilichogawiwa wana watatu, kisha wajukuu tisa, hakigawiki tena. Kijana hushuka. Akiwa na pesa hushuka Moshono au Olasiti akanunua kiwanja. Akiwa hana hupanga chumba Sombetini au Unga Limited. Wengi zaidi hawafiki hata huko: hujenga pale pale mlima unapokutana na mji, upande wa halmashauri ya wilaya, kwa sababu kiwanja ni nafuu na daladala ipo. Ukipita Kiranyi, Ilboru, Moivo au Ngaramtoni asubuhi, hutaona mahali mji unapokoma. Ukielekea Tengeru na Usa River, hali ni hiyo hiyo. Nyumba zinafuatana, maduka yanafuatana, bodaboda zinafuatana, na mpaka uliopo kwenye ramani haumsimamishi mtu yeyote.

Lakini unasimamisha namba.

Mtu anapouliza mji wa Arusha una watu wangapi, jibu linalotolewa ni 617,631. Ndilo linalosomwa kwenye hotuba, linaloandikwa kwenye maombi ya miradi, na mwanafunzi akiulizwa kwenye mtihani ndilo atakaloandika. Halmashauri mbili zinazotuzunguka zina watu 781,121, wengi kuliko Jiji lenyewe. Ukijumlisha zote tatu unapata 1,398,752, karibu watu sita katika kila kumi wa mkoa mzima. Najua wazi kwamba si wote hao ni watu wa mji. Mfugaji wa Oldonyosambu si mtu wa mji, wala mkulima wa nyanya wa Ngarenanyuki. Kwa hiyo mji wetu halisi uko mahali fulani kati ya 617,631 na 1,398,752. Mheshimiwa, hilo ni pengo la watu 781,121, na ndani ya pengo hilo tunapanga shule, madawati, vitanda vya hospitali, mifereji ya maji ya mvua na maeneo ya makaburi.

Niruhusu nikupe mfano mdogo kutoka maisha yangu, nami sitataja ofisi yoyote kwa kuwa sina kinyongo nazo. Juu ya mfereji wetu kulikuwa na kivuko cha zege ambacho watoto wa pande zote mbili walipitia kwenda shule, na akina mama walipitia kupeleka maziwa na ndizi mjini. Masika moja kilibomolewa na maji. Nilikwenda ofisi ya kwanza nikaeleza. Nilipokewa vizuri, nikaambiwa kwamba watu wa upande wao wanaokitumia ni wachache mno kuingia kwenye mpango wa mwaka ule. Nikaenda ofisi ya pili. Nako nilipokewa vizuri, nikaambiwa maneno hayo hayo. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba zote mbili zilisema kweli. Watu wa kivuko kile walikuwa wengi, ila kila daftari lilikuwa na nusu yao. Hatimaye tulichanga wenyewe tukaweka magogo, na kila mvua zikikaribia mama huniagiza nikayakague.

Mtu angesema kwamba hayo ni mambo ya mipaka ya utawala, na Mtakwimu Mkuu si mgawa mipaka. Ni kweli kabisa, na naomba nisieleweke vibaya. Ninachotaka kukuonyesha kwa unyenyekevu ni kwamba wenzako wengine serikalini wamekwisha kuuvuka mpaka huu, na wanasubiri namba iwafuate.

Barabara imeuvuka. Barabara ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, inapita katikati ya Jiji na kuishia ndani ya Halmashauri ya Meru. Barabara ya mchepuko yenye kilomita 42.4 inaanzia upande wa Usa River na kutokea Ngaramtoni. Ncha zake zote mbili ziko nje ya Jiji, ingawa imejengwa kwa ajili ya mji.

Maji yameuvuka. Mamlaka ya maji, AUWSA, haihudumii Jiji pekee bali pia Usa River na Ngaramtoni. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha, uliogharimu Shilingi bilioni 520, ulilenga kuongeza uzalishaji kutoka lita milioni 40 hadi lita milioni 200 kwa siku, na sehemu ya maji hayo huchimbwa nje kabisa ya mpaka wa Jiji. Sisi wa Meru tunalijua jambo la maji kwa meno yetu. Mlima wetu ni wa volkano, na maji ya vyanzo vyake vingi yana floraidi nyingi. Ndiyo maana utaona watu wazima kwa watoto wenye meno ya kahawia, na baadhi ya watoto miguu imepinda. Kuchanganya maji ya chanzo chenye floraidi nyingi na ya chanzo chenye kidogo ili watu wanywe salama ni hesabu, na hesabu hiyo inaanza na wanywaji ni wangapi na wako wapi. Bomba haliulizi kama nyumba ni ya mtaa au ya kitongoji.

Mipango nayo imeuvuka. Mpango Kabambe wa Arusha wa kufikia mwaka 2035, uliotayarishwa na wataalamu wa kampuni ya Surbana ya Singapore, haukuishia kwenye mpaka wa Jiji. Uliingia ndani ya Halmashauri ya Arusha na ya Meru, kwa sababu mpangaji yeyote akisimama juu ya mlima akitazama chini huona mji mmoja.

Barabara, maji na mpango vimevuka mfereji. Kilichobaki upande wa pili ni idadi ya watu.

Mheshimiwa, sisi wa mlima huu tuna historia na mistari inayochorwa kwenye karatasi, na naomba niigusie kwa heshima. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kama 3,000 kutoka Engare Nanyuki, kaskazini mwa mlima, ili ardhi yao iwe ya walowezi wachache. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuwasemea. Wazee waliotusimulia habari hizo hawakuanza na sheria wala hotuba. Walianza na watu: familia ngapi, ng'ombe wangapi, nyumba ngapi zilizochomwa. Mlima mzima ulijifunza kwamba mstari ukitangulia na watu wakafuata nyuma, watu huumia. Leo tuko huru, na serikali ni yetu. Ndiyo maana nina ujasiri wa kukuomba utangulize watu, mstari ufuate.

Mipaka yetu yenyewe imekuwa ikihama, tena kwa sababu njema. Mwaka 2002 mkoa wa zamani wa Arusha ulikatwa ukazaa Mkoa wa Manyara. Mwaka 2007 Halmashauri ya Wilaya ya Arumeru iligawanywa, zikapatikana Halmashauri ya Arusha na ya Meru. Kila mpaka unapohama, namba za zamani na mpya hukataa kulinganishwa. Anayechukua "Arusha" ya sensa ya 1988 na kuilinganisha na "Arusha" ya 2022 analinganisha mikoa miwili yenye jina moja. Mwalimu wa jiografia analijua hilo. Diwani anayetaka kujua kata yake imekua kiasi gani hukwama hapo hapo.

Ombi langu basi, nalitoa kwa magoti, ni hili. Tunaomba ofisi yako itupatie idadi ya mji wa Arusha kama unavyokaliwa: watu wote wanaoishi katika eneo ambalo makazi yameshikana, bila kujali wako halmashauri gani. Namba hiyo isimame kando ya namba za halmashauri. Isizifute.

Najua linawezekana, kwa sababu njia imekwisha kuandaliwa. Machi 2020 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliidhinisha utaratibu wa kutambua miji na vijiji bila kutegemea mipaka ya utawala. Nchi hugawanywa katika miraba ya kilomita moja kwa kilomita moja. Miraba inayopakana, yenye watu 1,500 au zaidi kila mmoja, na ikijumlishwa ikafikia watu 50,000, huitwa jiji. Mraba una sifa moja njema ambayo mpaka wa halmashauri hauna: hauhami. Mraba wa 2022 utakuwa pale pale mwaka 2032, hata kama bunge, baraza au wizara vitakuwa vimegawanya mkoa mara tatu.

Mnayo malighafi. Sensa ya 2022 ilitengewa maeneo ya kuhesabia watu kwa ramani za kidijitali, na majengo yalihesabiwa. Wataalamu wako wana ujuzi ambao mimi sina haki hata ya kuusifu. Kinachohitajika, kwa mtazamo wangu mdogo, ni uamuzi, na baada ya hapo karatasi moja kwa kila mji mkubwa: ramani yenye miraba, na chini yake idadi ya watu, wanaume, wanawake, watoto wa umri wa kwenda shule, na wazee. Arusha ingeweza kuwa ya kwanza kwa sababu kwetu tofauti ni kubwa, lakini naamini Mwanza na Mbeya nao wana mfereji wao.

Nimejaribu kujiuliza kwa nini usikubali, ili nisikupotezee muda kwa hoja zenye matundu.

Hoja ya kwanza ni usiri. Sheria ya Takwimu inalinda taarifa za kila kaya, na mama yangu alimjibu binti yule kwa kuwa aliahidiwa siri. Mraba wa huko juu karibu na msitu unaweza kuwa na kaya tatu tu, na kila mtu akajua ni za nani. Nakubali. Mraba wa namna hiyo uunganishwe na jirani yake, au usichapishwe kabisa. Mji hautapungukiwa na kitu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami naileta kwa niaba ya watu wa upande wa mama. Watu wa mlimani wanaogopa kuitwa watu wa mji. Wanajua kwamba jina hilo linaweza kufuatwa na upimaji wa viwanja, kodi ya ardhi, masharti ya ujenzi, na mwisho wake kihamba kikawa "kiwanja namba fulani" ambacho mtoto hawezi kukilima wala kuzikwa ndani yake. Hofu hiyo si ujinga. Kwa hiyo naomba kwa msisitizo kwamba namba ninayoiomba itamke wazi kwenye kichwa chake kwamba ni ya takwimu tu, haimtoi mtu kijijini wala haipanui Jiji. Kujua kwamba mtu ananunua sukari mjini, anatibiwa Hospitali ya Mount Meru na anasomesha mtoto mjini si sawa na kumnyang'anya migomba yake. Tena nathubutu kusema kwamba ukimya wa namba ndio unaoihatarisha migomba. Mji usioonekana kwenye takwimu hukua bila kupangwa, na mji usiopangwa hula shamba usiku.

Hoja ya tatu ni kwamba fedha na uwakilishi hufuata halmashauri, kwa hiyo namba isiyo na halmashauri haina mwenyewe. Naomba nijibu kwa kukukumbusha kile kivuko. Halmashauri mbili zikikaa meza moja zikiwa na karatasi moja inayoonyesha watu wa pande zote, zinaweza kugawana gharama. Zikikaa kila moja na nusu yake, zote zitasema kweli na watoto wataendelea kupita juu ya magogo.

Nina ombi dogo la nyongeza, nalo naomba radhi kwa kuliongeza. Karatasi hiyo ikipatikana, tafadhali ifike kwenye mbao za matangazo za ofisi za mitaa, vijiji na kata, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mzee anaweza kuzisoma bila miwani ya kuazima. Kaulimbiu yenu ya 2022 ilituambia "Sensa kwa Maendeleo, Jiandae Kuhesabiwa", nasi tulijiandaa. Tulibaki nyumbani siku ile ya mapumziko, tulifungua milango, tulitaja hata marehemu wetu. Aliyetoa majibu mlangoni kwake angefurahi kuyaona yamerudi mlangoni kwake. Mwananchi aliyeona faida ya jibu lake la jana hatasita kujibu kesho, na 2032 si mbali. Watoto waliokuwa wakichungulia kishikwambi chini ya mparachichi siku ile huenda ndio watakaokuwa makarani.

Hadi wakati huo mji utazidi kupanda mlima. Olmoti, palipochaguliwa kujengwa uwanja wa AFCON ya 2027, miaka michache iliyopita tulipajua kwa vumbi na malisho. Viwanja vinaendelea kuuzwa hadi kando ya mifereji. Ukitoa namba hiyo mapema, bado kuna nafasi ya kuacha njia ya maji, uwanja wa shule, na miti. Ukichelewa, namba itakuja kutueleza tu kile tulichokwisha kupoteza.

Namalizia kwa mama, kwa kuwa naye ndiye aliyenituma bila kujua. Afya yake bado ni njema. Kila soko la Tengeru linapofika huamka gizani, hufunga ndizi zake, huvuka mfereji kwa fimbo, hupita mbele ya mlango wangu akinigongea, hupanda daladala, na jioni hurudi na chumvi, sabuni na habari za mji wote. Usiku hulala kijijini. Mtu wa mjini au wa mlimani? Binti yule alimjibu nusu, na ile nusu aliijibu kwa usahihi. Nusu nyingine iko mikononi mwako.

Ikiwa siku moja karatasi ile itafika kwenye ubao wa ofisi yetu ya mtaa, nitainakili kwa mkono, nitavuka mfereji, nitaketi chini ya mparachichi na kumsomea mama. Sitamsomea namba nyingi, kwa kuwa hazipendi. Nitamsomea moja tu, ile ambayo mimi na yeye tumo ndani yake pamoja.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa miguuni mwa Mlima Meru,
Arusha.